Injini ya 4x4 inavuja oili: uanze na kitambaa, poda, rangi ya kung'aa au moshi?

Waite mafundi watatu waangalie gari la 4x4 lililokula miaka, tone la oili likiwa linaning'inia chini ya nyumba ya klachi, pale injini inapoungana na giaboksi. Usishangae wote watatu wakisema kitu kimoja: sili ya nyuma ya krenki, ile ringi ya mpira inayozuia oili pale krenki inapotokea nyuma ya injini. Huenda wamesema kweli. Tatizo ni kwamba kwenye magari mengi kuifikia sili hiyo ni kushusha propela shafti, transfa, giaboksi na klachi. Kazi hiyo niliwahi kuifanya kwenye gari langu mwenyewe, kwa kujiamini kwa mtu ambaye hajapima chochote. Nilishinda chini ya gari siku mbili, nikafunga sili mpya, nikarudisha kila kitu, na asubuhi ya tatu tone lilikuwa pale pale. Oili ilikuwa inatoka kona ya nyuma ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya silinda hedi), inateremka mgongoni mwa bloku na kuishia chini ya nyumba ya klachi. Gasketi ya tapeti kava ilinichukua chini ya saa moja.

Kwa hiyo hapa silinganishi sili wala gasketi. Nalinganisha njia nne za kutafuta chanzo: macho na kitambaa, poda, rangi inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno (UV), na moshi. Kila moja ina mahali inapoona vizuri na mahali ilipo kipofu, na watu wengi huichagua kwa bei yake au kwa sababu jirani anayo. Mimi naona kinachopaswa kuamua ni aina ya oili inayotoka.

Ndani ya injini oili ipo katika hali tatu. Kuna oili ya presha, ile inayosukumwa na pampu: inapita kwenye filta, swichi ya presha ya oili, kipoza oili na bomba linalolisha turbo. Hiyo kwenye injini nyingi iko kwenye psi 40 hadi 60 ukiwa safarini. Kuna oili inayorushwa au inayorudi, isiyo na presha yake yenyewe: iko chini ya tapeti kava, nyuma ya kava ya taimingi, kwenye midomo ya sili za kamshafti na krenki. Na kuna oili iliyotuama kwenye sampu, ile trei ya chini ya injini. Ukishajua yako ni ipi, njia ya kuitafuta karibu inajichagua yenyewe.

Kwa nini 4x4 inasumbua kuliko gari la lami

Gari dogo la lami huvuja kistaarabu: tone linaanguka karibu na lilipotoka. 4x4 ina bamba la kinga chini ya injini, na bamba hilo ni sinia. Oili inakusanyika humo, gari linapopanda mlima inakimbilia nyuma, linaposhuka inakimbilia mbele, halafu inachuruzika kwenye tundu la bolti ambalo halina uhusiano wowote na chanzo. Tope nalo linanyonya oili na kuishika kama sifongo, kwa hiyo uvujaji wa wiki hii unachanganyika na wa mwaka juzi. Upepo wa feni na wa mwendo unaisukuma oili nyuma. Ndiyo maana kanuni ya zamani ya mafundi bado inafaa: tafuta sehemu iliyolowa iliyo juu kabisa na mbele kabisa, si ile yenye oili nyingi kabisa.

Jambo la mwisho ni mwinamo. Injini isiyovuja hata tone ikiwa kwenye sakafu bapa inaweza kuvuja vizuri sana gari likipanda mlima mkali, kwa sababu oili ya kwenye silinda hedi inarudi na kutuama kona za nyuma. Ukipima gari likiwa limeegeshwa bapa gereji tu, utaondoka na jibu la "haivuji", na tone litakusubiri porini.

Kabla ya kununua chochote

Kwanza hakikisha ni oili ya injini. Weka kadibodi safi chini ya gari usiku kucha, chora alama za mahali magurudumu yalipo, asubuhi usome. Oili ya injini ni ya kahawia hadi nyeusi, na kwenye dizeli ni nyeusi tii hata kama uliibadilisha juzi. Oili ya giaboksi ya otomatiki kwa kawaida ni nyekundu ikiwa bado nzima. Oili ya difu na ya giaboksi nyingi za manyuo inanuka salfa, harufu ambayo ukishainusa mara moja huisahau. Maji ya rejeta yana harufu tamutamu na yanateleza vidoleni. Kunusa kidole kunaonekana ni ushamba, lakini kumewaokoa watu wengi wasishushe giaboksi bure.

Halafu jiulize inavuja lini. Ikitoka injini ikiwa inanguruma na kukoma muda mfupi baada ya kuzimwa, shuku oili ya presha. Ikidondoka usiku kucha gari likiwa limelala, shuku sampu, bolti ya kumwagia oili au gasketi iliyo chini. Ikionekana baada ya milima tu, tazama sehemu za juu nyuma.

Na kiasi gani? Doa hudanganya. Chukulia matone 20 ni kama mililita 1. Tone moja kila dakika kwa saa 8 ni matone 480, yaani mililita 24 hivi. Asubuhi sakafu inatisha, lakini kwa injini nyingi pengo kati ya alama ya chini na ya juu kwenye kijiti cha kupimia ni kama lita 1, kwa hiyo inakuchukua siku arobaini kulimaliza. Hilo lina haraka ya wastani. Oili inayorushwa na presha kwenye swichi iliyopasuka ni jambo jingine. Hiyo inaweza kumaliza sampu katika safari moja.

Kitu kimoja zaidi, na hiki watu hukiruka kisha wanajuta: angalia kama injini inapumua. Gesi kidogo hupita pembeni mwa ringi za pistoni na kuingia kwenye chumba cha krenki, na lazima itoke kupitia vali ya PCV (inayorudisha gesi hiyo kwenye hewa ya injini) au bomba la kupumulia, ambalo mafundi huliita briza. Briza ikizibwa na tope au masizi, presha inapanda na kusukuma oili kwenye kila mdomo dhaifu. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, kiweke juu ya tundu bila kukifunga. Kwenye injini ya petroli yenye PCV nzima kitavutwa chini kidogo au kitatulia. Kikirukaruka na moshi kutoka kwa kishindo, suluhisha upumuaji kwanza. Dizeli ya zamani hutetemesha kifuniko kidogo hata ikiwa na afya, kwa hiyo usiihukumu kwa kipimo cha petroli. Ukibadilisha sili kwenye injini iliyobanwa pumzi, ile mpya itavuja vilevile, au itahamishia tatizo kwa jirani yake.

Macho na kitambaa

Hii ndiyo njia ninayoianza kila mara, na nusu ya kesi huishia hapa. Siri yake yote ni kuosha. Injini ipoe, funika altaneta, plagi za umeme na mdomo wa hewa, paka sabuni ya kuyeyusha grisi, sugua kwa brashi, suuza kwa maji ya bomba la kawaida. Mashine ya presha isielekezwe kwenye midomo ya sili wala kwenye soketi za waya. Maji yanaingia ndani na unaongeza kesi ya pili. Dawa ya kusafishia breki inafaa kumalizia kona ndogo, ila inashika moto upesi, na zile zenye klorini zikikutana na chuma cha moto sana hutoa gesi ya fosjini, ambayo ni sumu. Kwa hiyo ni injini baridi, mahali penye hewa, na huanzi kupasha mpaka pamekauka kabisa.

Toa bamba la kinga. Kisha washa, acha ipate joto, piga mzunguko wa dakika kumi na tano, rudi na tochi na kioo kidogo cha mpini. Pitisha kitambaa cheupe kwenye kila maungio kuanzia juu kushuka chini: tapeti kava, hedi, swichi ya presha, kiti cha filta, kava ya taimingi, sampu. Kamera ya simu iliyoingizwa mkono mzima nyuma ya injini inaona kuliko jicho lako litakavyowahi kuona.

Uwezo wake ni mkubwa kwa uvujaji wa presha na wa sampu. Udhaifu wake ni ule uvujaji wa polepole, unaotoa jasho tu, ambao unahitaji kilomita mia mbili kabla ya kuonekana. Kufikia hapo vumbi limeshaharibu ushahidi.

Poda

Baada ya kuosha na kukausha, unapuliza poda nyeupe nyembamba, ya talki au ile ya miguu ya kopo la kupuliza, kwenye eneo unaloshuku. Unawasha injini, na oili inachora mstari mweusi juu ya weupe. Ukifuata mstari kwenda juu unafika kwenye chanzo.

Inapofanya kazi, inafanya kazi vizuri ajabu, na haraka: dakika kumi na tano zinatosha kwa uvujaji wa kawaida. Faida yake dhidi ya kitambaa ni kwamba inahifadhi njia ya oili, si mahali pa mwisho tu. Kwa uso wa wazi kama ubavu wa bloku chini ya tapeti kava, au kona ya sampu iliyogongwa na jiwe, sioni sababu ya kutumia kingine.

Lakini usiende nayo barabarani ukitegemea irudi na habari. Feni inaipuliza, tope linaifuta, na kidimbwi kimoja cha maji kinamaliza jaribio. Ni njia ya gari lililosimama. Pia haingii pale usipoweza kuipuliza: nyuma ya hedi iliyobanwa na ukuta wa injini, kati ya safu mbili za silinda kwenye injini ya V, ndani ya nyumba ya klachi. Vaa barakoa, na iweke mbali na mikanda na altaneta.

Rangi ya kung'aa

Hapa ndipo pesa yangu ingekwenda kama ningeruhusiwa kununua kitu kimoja tu. Unamimina chupa ndogo ya rangi kwenye oili ya injini. Kipimo cha kawaida ni kama mililita 30 kwa injini ya lita 4 au 5, ila soma chupa, na hakikisha ni rangi ya oili, si ile ya kiyoyozi. Unaendesha. Halafu gizani, ukiwa na miwani ya njano na taa ya urujuanimno ya nanomita 365 hadi 395, oili iliyotoka inang'aa rangi ya njano-kijani.

Ubora wake kwa 4x4 ni kwamba haikulazimishi upime umesimama. Rangi inakaa ndani ya oili mpaka utakapoimwaga, kwa hiyo unaweza kwenda kwenye mlima uleule unaokusumbua, ukapanda, ukashuka, ukaliendesha likiwa limeinama ubavu kwenye mteremko, na ukarudi usiku kuangalia. Poda haiwezi hilo. Moshi hauwezi hilo. Ukishuku uvujaji wa mwinamo, huna njia ya kweli zaidi ya hii.

Ina mitego yake. Oili nyingine zina mng'ao wao wa asili, kwa kawaida wa bluu hafifu, kwa hiyo tazama kwanza kwa taa kabla ya kuweka rangi ili ujue injini yako inavyoonekana ikiwa haijatiwa kitu. Oili nyeusi ya dizeli inameza mng'ao. Mara nyingi unahitaji kipimo kikubwa kidogo au uiweke baada ya kubadilisha oili. Ukiimwaga rangi kando ya tundu la kujazia, umeharibu jaribio mwenyewe: tapeti kava yote itang'aa na utaishitaki bila kosa. Tumia faneli, futa, kisha futa tena.

Na kosa linalonichekesha zaidi, maana nimelifanya: kuangalia baada ya siku kumi. Kufikia hapo kila kitu kuanzia sampu hadi difu ya nyuma kinang'aa kama sherehe. Angalia baada ya kilomita 20, halafu 100. Picha ya kwanza ndiyo inayoonyesha mzizi.

Moshi

Mashine ya moshi inapasha moto mafuta mepesi mpaka yawe mvuke na kusukuma moshi mzito ndani ya injini iliyozimwa, kupitia bomba la kijiti cha kupimia au tundu la kujazia oili. Unaziba briza na njia ya PCV ili moshi usikimbilie kwenye hewa ya injini, halafu unatazama unapotokea. Kwenye gasketi ya tapeti kava iliyokakamaa, oringi (ringi ya mpira) ya bomba la kijiti, au ufa kwenye kifuniko cha plastiki, jibu linakuja ndani ya dakika chache, mikono mikavu, bila kuwasha injini. Kwa oili inayorushwa na isiyo na presha, hakuna njia ya haraka kuliko hii.

Shinikizo lake liwe chini ya psi 1. Sisitizo hili lina sababu: sili za krenki hazikutengenezwa kuzuia presha kutoka ndani, na mtu anayeunganisha kompresa ya gereji moja kwa moja kwenye injini anaweza kuing'oa sili nzima kwenye kiti chake. Sijui ni sili ngapi zimeuawa na jaribio lililokuwa na nia ya kuzipima.

Upofu wake: oili ya presha. Swichi ya presha iliyopasuka haitatoa moshi, kwa sababu njia zinazoifikia zimejaa oili na moshi haupiti. Bomba la turbo, kiti cha filta, kipoza oili, vyote vinaweza kupita jaribio la moshi kama malaika na kuvuja mara tu unapopiga stata. Na moshi mwembamba kwenye mdomo wa sili ya krenki si hukumu: mdomo huo huziba kwa msaada wa utando wa oili na mzunguko, na ukiwa mkavu na umesimama unaweza kupitisha kidogo bila kuwa mbovu.

Kwa mtu mwenye gari moja, siishauri kununua. Kwa gereji inayotumia mashine hiyohiyo pia kutafuta uvujaji wa hewa na wa mfumo wa mvuke wa petroli, inajilipa.

| | Kitambaa | Poda | Rangi | Moshi |
|---|---|---|---|---|
| Oili ya presha | nzuri | nzuri | nzuri sana | haioni |
| Oili ya kurushwa (tapeti kava, sili) | wastani | nzuri palipo wazi | nzuri sana | nzuri sana |
| Sampu | nzuri | nzuri | nzuri | wastani |
| Uvujaji wa mwinamo | dhaifu | haifai | hakuna mshindani | haifai |
| Muda wa kupata jibu | saa 1, na kuosha | dakika 15 baada ya kuosha | safari moja au mbili | dakika chache |
| Hatari kubwa | kuosha vibaya | kupuliziwa kwenye mikanda | kumwagikia nje | presha kupita kiasi |

Washukiwa wanaofanana sura

Njia yoyote utakayochagua, uamuzi mgumu utakuwa kutenganisha vitu viwili au vitatu vinavyodondoka mahali pamoja. Chini ya nyumba ya klachi ndiko mabishano mengi yalipo.

Ukichukua Jeep yenye injini ya lita 4.0 ya silinda sita za mstari, iliyodumu hadi 2006, tone la pale nyuma lina wazazi watatu wanaojulikana: kona ya nyuma ya tapeti kava, oringi za kiti cha filta kilicho ubavuni mwa bloku upande wa nyuma, na sili ya krenki yenyewe. Habari njema kwa injini hiyo ni kwamba sili ni ya vipande viwili na hutolewa kutokea chini, kwa kushusha sampu na kofia ya beringi, giaboksi ikiwa mahali pake. Hata hivyo, anza juu. Oringi za kiti cha filta ni kitu kidogo sana kumkosesha mtu usingizi.

Injini ya Pentastar ya lita 3.6, iliyoingia Jeep Wrangler kwa modeli ya 2012, ina mtego mwingine. Kiti cha filta pamoja na kipoza oili ni cha plastiki, na kimekaa bondeni mwa V, chini ya manifoldi ya hewa. Kikivuja, oili inajaza bonde, inamwagikia nyuma na kushuka juu ya nyumba ya klachi. Kwa macho ya mtu aliye chini ya gari, hiyo ni sili ya nyuma kabisa. Poda haifiki bondeni na kitambaa hakifiki. Tia rangi, au ingiza kamera ndogo ya waya na uone kidimbwi.

Suzuki Samurai nayo ina distribyuta nyuma ya silinda hedi. Gasketi au oringi ya hapo ikichoka, oili inateremka moja kwa moja hadi kwenye klachi. Poda inatosha, maana pako wazi kiasi.

Land Rover Defender za Tdi (dizeli za turbo) zina kitundu chini ya nyumba ya flaiwili, chenye uzi wa kufungia plagi ya kuvukia maji. Kitundu hicho kikiwa wazi ni dirisha lako: kinachodondoka hapo kimetoka ndani ya nyumba ya klachi, ama oili ya injini kupitia sili ya krenki, ama oili ya giaboksi kupitia sili ya mbele ya giaboksi. Harufu na rangi vitakuambia ni ipi. Ila mtu aliyevuka mto mwezi uliopita akasahau kutoa plagi ataona pakavu, huku ndani klachi inaoga.

Upande wa mbele, kitu cha kutofautisha kwa makini ni sili ya mbele ya krenki dhidi ya sili ya kamshafti na gasketi ya kava ya taimingi. Kwa injini zenye mkanda wa taimingi, kama 1HZ ya Land Cruiser au 300Tdi ya Land Rover, oili inayovuja mbele haisubiri wikendi. Mpira wa mkanda unalainika kwa oili, meno yanaruka au mkanda unakatika, na kwenye dizeli vali zitakutana na pistoni. Hapa sijali ni njia gani ilikuonyesha. Ondoa kava, tazama, na kama mkanda umelowa ubadilishe pamoja na sili.

Kwa ndugu wawili wa mwisho, sampu na bolti ya kumwagia, sina mengi ya kusema. Kadibodi, kitambaa, na washa mpya (ile ringi ya chini ya bolti). Ukiona sampu imepigwa na jiwe, jua ukingo wake umepinda na gasketi mpya haitaziba kitu mpaka ukingo unyooshwe.

Kama ningekuwa mimi

Kwa gari lenye tope la miaka mitatu na tone la nyuma, ningeosha, nikapima upumuaji, nikaendesha dakika kumi na tano, nikatazama kwa kitambaa. Jibu likikosekana, rangi, na mlima. Poda ningeitumia kuthibitisha sehemu moja ambayo tayari naishuku. Moshi ningeutafuta tu kama kila kitu kinaonyesha tapeti kava au kifuniko fulani na bado siwezi kusema ni upande upi, na hapo ningeulipia huduma badala ya kununua mashine.

Tofauti moja: gari likiwa linatoa oili kwa wingi unaoonekana likiwa linanguruma, achana na rangi. Zima, osha, washa kwa sekunde chache mtu mwingine akiwa kwenye usukani na wewe ukiwa na tochi, mbali na feni. Presha itajionyesha yenyewe.

Dawa za kumimina za kuziba uvujaji nazo huulizwa sana. Nyingi hulainisha au kuvimbisha mpira wa sili uliokakamaa, kwa hiyo zinaweza kupunguza jasho la sili ya zamani. Haziwezi kitu kwa gasketi iliyopasuka, uso uliopinda, au krenki ambayo mdomo wa sili umeichimba mfereji. Kwa mfereji huo kuna bushi nyembamba ya chuma inayovishwa juu ya krenki ili sili mpya ipate uso laini. Fundi akikuambia "sili mpya nayo inavuja", muulize kama alipitisha kucha kwenye krenki kabla ya kuifunga.

Ukishatengeneza, usikimbilie kubadilisha oili yenye rangi. Bolti za tapeti kava zifungwe kwa kipimo cha kitabu, si kwa hasira, maana kuzikaza kupita kiasi kunabonyeza gasketi na kupindisha kava; silikoni ya kwenye kona iachwe ikauke muda ulioandikwa kwenye tyubu. Osha tena mpaka taa ya urujuanimno isionyeshe chochote, maana mabaki ya zamani yatakutia wasiwasi bure. Panda mlima uleule. Rudi usiku, vaa miwani ya njano, na uanzie juu kabisa, mbele kabisa.